Je, Chemirocha Alikuwa Nani?

 Nina jambo ambalo limenikosesha usingizi muhula mzima. Wenzangu huandika humu kuhusu ngeli, methali na tamathali za usemi. Mimi nimewaletea Mzungu wa garimoshi. Tafadhali usifungue ukurasa mwingine kwanza! Nilipomwonyesha mlezi wa chama mada hii alitabasamu, akaniuliza, "Sasa huyu na Kiswahili wapi na wapi?" Nikamwomba anipe nafasi nijieleze. Amenipa, kwa hivyo nikikosea lawama ni zangu.

Mambo yalianza nyumbani. Sisi wa shule ya kutwa tuna taabu zetu, tope la asubuhi na mvua ya jioni, lakini tuna bahati moja ambayo wanabweni hawana: kila jioni tunarudi kwa wazee. Kogo (ndivyo tunavyomwita nyanya huku kwetu Kericho) ana tabia ya kuimba akichambua managu. Jioni moja, katikati ya wimbo, nikasikia neno "Chemirocha". Nikamwuliza, "Kogo, Chemirocha ndiye nani?"

Akajibu bila kuinua macho, "Ni yule mwenye miguu ya swara."

Nikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliyecheka nami ni baba mdogo, aliyekuwa amelala kwenye kochi na simu yake. Wakati huo alikuwa mwezi wa tatu wa dawa za kifua kikuu na hakuwa amerudi kazini, kwa hivyo simu ndiyo iliyokuwa mwenzake. Akatafuta neno lile, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Njoo uone. Chemirocha ni mtu wa kweli. Ni Mwamerika, alikuwa akiitwa Jimmie Rodgers." Mimi nikapigwa na butwaa.

Basi tumjue kwanza huyo Jimmie Rodgers. Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 katika pande za Meridian, jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Mama yake alifariki Jimmie akiwa mtoto mdogo. Baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli, na kijana naye akaingia kazi hiyo hiyo. Alifanya kazi kwenye magarimoshi ya mizigo, kazi ya kushughulikia breki na kuunganisha mabehewa, kazi ya jua, mvua na moshi. Huko relini kulikuwa na vibarua wengi weusi waliotengeneza njia wakiimba ili nyundo zishuke pamoja. Jimmie alizishika nyimbo zao, akashika na jinsi yao ya kupiga gita na banjo. Jambo hili liweke akilini, kwa maana nitalirudia.

Mwaka 1924 aliambiwa na daktari kwamba ana kifua kikuu. Wakati huo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Mgonjwa aliambiwa apumzike, ale vizuri, atafute hewa safi ya milimani. Lakini mtu mwenye mke na mtoto, na ambaye mkate wake uko relini, atapumzika vipi? Alijaribu kurudi kazini mara kadhaa, mwili ukakataa. Hapo ndipo akaamua kwamba kama hawezi kuvuta breki, ataimba. Yaani watu wengi huanza kuimba wakiwa na kifua kizima. Huyu alianza kazi ya uimbaji kwa sababu kifua kilikuwa kibovu!

Sasa tufike mji wa Bristol, mahali ambapo nimekaa sana katika usomaji wangu. Mji huu uko mpakani mwa majimbo ya Tennessee na Virginia, hata barabara yake kuu ndiyo mpaka wenyewe: upande huu wa barabara uko jimbo moja, upande ule jimbo jingine. Mwishoni mwa Julai 1927 alifika huko bwana mmoja aitwaye Ralph Peer, wa kampuni ya santuri ya Victor, akiwa na mitambo ya kurekodi. Walifunga vifaa katika jengo lililokuwa la kampuni ya kofia. Kwa siku chache tu, hadi tarehe 5 Agosti, walirekodi zaidi ya nyimbo 70 za wakulima, wafanyakazi wa viwanda, wahubiri na wachezaji wa fidla.

Jimmie alikuwa amekuja na kikundi. Usiku wa kuamkia zamu yao wakazozana: santuri itaandikwa jina la nani? Wenzake wakajitenga, wakaimba kivyao. Jimmie akabaki peke yake na gita lake. Tarehe 4 Agosti 1927 aliingia, akarekodi nyimbo mbili. Mmoja ulikuwa wa msichana aliyefiwa na mchumba wake vitani, wa pili ulikuwa wa kumbembeleza mtoto. Nimezisikia zote mbili. Nitasema ukweli wangu: si nyimbo za kumfanya mtu aache chakula chake. Hata mauzo yake yalikuwa ya wastani. Siku chache kabla yake, katika jengo hilo hilo, ilikuwa imeimba familia ya Carter, na kwa maoni yangu wao walianza vizuri kuliko yeye.

Nieleze kidogo jinsi kazi ilivyofanyika, kwa maana wengi wetu tunarekodi kwa simu na kufuta tukikosea. Wakati ule mwimbaji alisimama mbele ya maikrofoni, kitu kilichokuwa kipya sana, kwa sababu kurekodi kwa umeme kulianza kushika mwaka 1925 tu. Sauti ilitetemesha sindano, na sindano ikachora mfereji mwembamba juu ya sahani ya nta inayozunguka. Ukikohoa, kikohozi kimechorwa. Ukikosea, nta ile imeharibika, anza tena. Santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika moja, na upande mmoja ulitosha dakika tatu hivi. Ndiyo sababu karibu nyimbo zote za zama hizo ni za dakika tatu. Hebu fikiria mgonjwa wa mapafu akiomba dakika tatu zipite bila kukohoa.

Jimmie hakungoja kuitwa tena. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo alijipeleka mwenyewe New York, akakaa hotelini, akampigia Peer simu kwamba yuko tayari kurekodi. Kujitia hamnazo namna hiyo kunahitaji moyo! Peer akampeleka studio ya Camden, New Jersey, na tarehe 30 Novemba 1927 akaimba wimbo uliotolewa kwa jina la "Blue Yodel". Huu sasa ndio uliowasha moto. Uliuzwa kwa malaki ya nakala, naye aliyekuwa akihangaika na kodi ya nyumba akawa mtu wa magari na suti.

Wimbo huo una nini? Hapa, wanachama wenzangu, ndipo niliposema mlezi wetu atanisamehe, kwa sababu jibu liko katika somo letu la ushairi. Nyimbo zile za Wamarekani weusi zinazoitwa bluzi zina ubeti wa mishororo mitatu. Sisi ubeti wa mishororo mitatu tunauita tathlitha. Tofauti ni kwamba katika bluzi mshororo wa pili hurudia ule wa kwanza, na wa tatu unaleta jibu. Siwezi kunakili wimbo wa mtu hapa, kwa hivyo nimetunga wangu mwenyewe wa mfano:

Basi limeniacha, nami sina nauli,
Basi limeniacha, nami sina nauli,
Nitakanyaga tope, hadi shuleni mbali.

Unaona? Mshororo wa kwanza unatoa shida. Wa pili unairudia ili msikilizaji aisikie vizuri, na mwimbaji naye apate muda wa kufikiria atakalosema. Wa tatu unafungua. Mizani nimehesabu, ni kumi na minne kila mshororo, ila vina vya kati nimeviacha viende vyao kwenye wa tatu.

Jimmie alichukua ubeti huo wa weusi, kisha mwisho wa kila ubeti akaweka kibwagizo kisicho na maneno. Kibwagizo hicho ndicho yodeli. Ni kuimba kwa sauti nzito ya kifuani, kisha ghafla kuirusha juu kwenye sauti nyembamba ya kichwani, halafu kuirudisha chini, haraka haraka. Wachungaji wa milima ya Alps huko Ulaya walikuwa na mtindo kama huo, na waimbaji wa jukwaani Marekani walikuwa wameutumia kabla ya Jimmie. Lakini wao waliufanya kwa kuchekesha au kuonyesha ufundi. Kwa Jimmie ulikuja kama mtu aliyeishiwa na maneno. Baba mdogo alijaribu kuuiga, akakohoa, tukaacha.

Sifa ni sifa, lakini mwanafunzi lazima apime. Katika "Blue Yodel" ile ya kwanza mwimbaji anatishia kumpiga risasi mwanamke aliyemwacha. Sikuipenda sehemu hiyo na sitaitetea. Tena kuna wale vibarua wa reli niliosema utawaweka akilini. Beti nyingi za namna hiyo zilikuwa zikizunguka midomoni mwa watu weusi kabla Jimmie hajazirekodi, na majina ya waliomfundisha hayakuandikwa popote kwenye santuri. Tarehe 16 Julai 1930, huko Hollywood, alirekodi "Blue Yodel" nyingine, ya 9, na aliyempigia tarumbeta ni Louis Armstrong, mfalme wa jazi, huku mke wake Armstrong, Lil, akiwa kwenye piano. Mzungu wa kusini na mtu mweusi katika wimbo mmoja, zama ambazo kusini hawakuruhusiwa hata kuketi pamoja garini! Ni jambo kubwa. Lakini santuri ilipotoka iliandikwa Jimmie Rodgers. Armstrong na Lil hawakutajwa. Hata shemeji yake Jimmie, Elsie McWilliams, aliyemtungia nyimbo nyingi na kumwimbia mpaka azishike, kwa kuwa Jimmie hakujua kusoma noti, hakutajwa kwenye zote alizotunga.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1929 alicheza katika filamu fupi akiwa amevaa nguo za reli. Mwaka huo huo alijenga jumba Kerrville, Texas, mahali palipojulikana kwa hewa nzuri ya wagonjwa wa kifua. Lakini mwishoni mwa 1929 uchumi wa Marekani ulianguka. Mwaka 1927 Wamarekani walinunua santuri zaidi ya milioni 100, na kufikia 1932 zilikuwa milioni 6 hivi. Gharama za hospitali zikapanda, mapato yakashuka, na jumba la Kerrville likauzwa.

Januari 1931, San Antonio, alirekodi wimbo kuhusu ugonjwa wake mwenyewe, "T.B. Blues". Nilipouweka nyumbani, kwa sauti ya chini, baba mdogo aliusikiliza nusu, akaniambia, "Zima hiyo." Nikazima. Nikajilaumu, nikadhani nimemkosea adabu. Kesho yake nikitoka shule nikamkuta anausikiliza peke yake. Akaniambia wagonjwa wenzake kule kliniki humwambia mtu yeyote kwamba wana nimonia au wana homa ya baridi, wala hawataji jina lenyewe kwa hofu ya majirani. "Na huyu," akasema, "aliliimba likauzwa madukani." Mimi sikuwa na la kusema.

Mei 1933 Jimmie alisafiri mpaka New York kwa mara ya mwisho. Alijua. Alitaka kurekodi nyimbo nyingi iwezekanavyo ili mke wake Carrie na binti yao wabaki na kitu. Alianza tarehe 17 Mei, akiwa na mwuguzi wa kumwangalia. Studioni wakamwekea kitanda chembamba. Akiimba wimbo mmoja analala, akiamka anaimba mwingine. Kati ya siku na siku alipumzika hotelini. Alimaliza tarehe 24 Mei. Tarehe 26 Mei 1933 akafariki katika hoteli ya Taft, akiwa na umri wa miaka 35. Mwili wake ulirudishwa Meridian kwa garimoshi.

Hesabu yake ni fupi: chini ya miaka sita ya kurekodi, nyimbo zaidi kidogo ya 100. Mwaka 1961, jumba la heshima la muziki wa kantri huko Nashville lilipowachagua watu watatu wa kwanza, yeye alikuwa mmoja wao. Dawa ya kwanza iliyoweza kuwaua vijidudu vya kifua kikuu mwilini mwa mtu, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943, miaka kumi baada ya kifo chake. Baba mdogo amepewa vidonge vya miezi sita katika hospitali ya serikali bila malipo. Nimeitoa hesabu hiyo mara nyingi kichwani, kumi tu.

Sasa, alifikaje Kericho, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika? Zilifika santuri zake. Inasimuliwa kwamba Waingereza waliokuja na gramafoni ndio walioleta, na watu wetu wakasikia sauti ile ikiruka juu na chini kutoka kwenye sanduku, na mwenyewe haonekani. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Kapkatet na mitambo yake, akarekodi nyimbo za Kipsigis, na tatu kati yake zinahusu Chemirocha. Inayojulikana zaidi imeimbwa na Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, kwa kinanda chetu cha nyuzi, chepkong. Tracey alieleza kwamba Chemirocha wa wimbo ule ni nusu mtu nusu swara, na wasichana wanamhimiza acheze kwa kurukaruka mpaka nguo zimtoke. Kumbe Kogo hakukosea hata kidogo!

Jina nalo ni somo. Katika Kiswahili tunajua utohozi: neno la kigeni linachukuliwa na kuvishwa sauti za lugha yetu, ndiyo tukapata shati, treni na gita. Wakipsigis walifanya vivyo hivyo. Lugha yetu haitenganishi "j" na "ch" kama Kiswahili, kwa hivyo Jimmie akaanza na "Che", na Rodgers akamalizikia "rocha". Tena majina yetu mengi huanza na Che au Chep, basi mgeni akaingia ukoo kabisa, huwezi kumtambua kwamba katoka Mississippi.

Kinachonisumbua ni kile kile cha santuri ya Armstrong. Kwenye maandishi ya Tracey jina la Chemutoi lipo, ninashukuru. Wengine ni "wasichana wa Kipsigis" basi. Walikuwa wangapi? Walikuwa wa nani? Rekodi hizo ziliwekwa Afrika Kusini, katika hifadhi ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, na kwa miaka mingi walizisikia wageni kuliko wenyewe. Mnamo 2014 hifadhi hiyo, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi na mradi wa Singing Wells, walirudi Kapkatet na nakala, wakazirudisha kwa jamii zilizorekodiwa. Kogo hakuwako siku hiyo, alikuwa ameolewa huku.

Kwa hivyo jioni ya mwisho ya muhula wa pili nikaamua nimsikilizishe yeye mwenyewe. Baba mdogo, ambaye sasa amebakiza wiki mbili za vidonge na ameanza kuchana kuni, akashika simu. Tukaweka kwanza wasichana wa 1950. Kogo akaacha managu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema uzi mmoja wa chepkong ulikuwa umelegea na aliyekuwa akipiga alipaswa kuukaza. Kisha tukamwekea Jimmie Rodgers mwenyewe, ile "Blue Yodel" ya kwanza. Akasikiliza sauti ikipanda na kushuka. Nilimtazama usoni, nikangoja.

"Huyu si Chemirocha," akasema. "Huyu ni mtu tu, na anaumwa. Lakwet, warudishe wale wasichana."

Nikawarudisha. Baba mdogo akatuonya kwamba chaji imebaki kidogo.